Nilikwama Walawi miaka mitatu. Sasa nasoma Biblia kila alfajiri, na hiki ndicho kilichobadilika

Mvukaji_Likoni (mwanzisha uzi)

Wapendwa, Bwana asifiwe. Kila Januari kwenye ushirika wetu watu huulizana, "Umeshaanza kusoma?" Ikifika Machi swali hilo halisikiki tena. Naandika kwa ajili ya wale ambao Machi huwakuta kimya, maana nami nilikuwa humo miaka mitatu. Uzi ni mrefu, nivumilieni.

Nilikuwa nachukua ile ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka. Hesabu yake haina shida. Vitabu 66, sura 1,189. Soma sura tatu kila siku, Jumapili soma tano, na mwaka ukiisha nawe umemaliza. Ila Mwanzo ina sura 50 na Kutoka 40, kwa hiyo aliyeanza tarehe 1 Januari huwa yuko mlangoni mwa Walawi kabla mwezi haujaisha. Hapo ndipo nilipokuwa naanguka. Mwaka wa kwanza niliishia sura ya 7, wa pili ya 13 kwenye habari za ukoma, wa tatu sikuvuka hata ya 4.

Nilijilaumu kwamba imani yangu ni haba. Leo naona kilichoniangusha ni deni. Ukiruka siku moja, kesho yake una sura sita. Ukiruka tatu, una kumi na mbili. Basi Jumamosi nikitoka kazini nakaa nalipa, nasoma kama anayehesabu magunia bandarini: moja limepita, la pili limepita, hayo, yamekwisha. Ungefunga kitabu ukaniuliza Haruni alivaa nini kifuani, nisingekuwa na jibu, na nimetoka kuisoma habari hiyo sasa hivi. Mwishowe nikawa naipita Biblia pale juu ya kabati bila kuitazama, kwa sababu kila nikiiona nakumbuka ninachodaiwa.

Sehemu ya pili inakuja, navuka feri kwanza.

Mvukaji_Likoni

Nimevuka. Naendelea.

Mamangu ameuza mahamri na mbaazi hapa Likoni, Mombasa, tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Usiku anakanda unga kwa tui la nazi, hamira na iliki, anaufunika kwa kitambaa. Saa kumi alfajiri ameshaamka: anasukuma, anakata pembe tatu, anayapanga mahamri kwenye sinia yaumuke tena. Karai la mafuta liko jikoni linapata moto. Katika kipindi hicho mikono yake haina kazi, naye huvuta kigoda karibu na taa, anafungua Biblia na kusoma kwa sauti ya chini, midomo ikicheza. Akiona mafuta yanakaribia, anatupia kipande kidogo cha unga. Kikizama anaendelea kusoma. Kikielea kikitoa povu, kitabu kinafungwa, kazi inaanza.

Sijapata kumwona na ratiba. Ana Biblia ya tafsiri ya Union Version, ya jalada jeusi na kingo nyekundu, na kwenye Zaburi ya 27 kuna doa la mafuta lililopenya mpaka Zaburi ya 30. Nimekua nikiliona doa hilo bila kuuliza limefikaje pale.

Miaka miwili iliyopita macho yake yakaanza kuingia ukungu. Ni mtoto wa jicho, wakamwandika kwenye orodha ya upasuaji na kumwambia asubiri. Kukaanga aliweza, maana mikono inajua. Herufi ndizo zilizompotea. Alfajiri moja akaniita kutoka jikoni: "Baba, njoo unisomee hapa nilipokomea."

Nikakaa. Ilikuwa Zaburi ya 73. Nikasoma kwa kasi ile niliyozoea ya kulipa deni, na kabla sijafika katikati akanigusa goti. "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena, polepole." Nilikuwa na miaka thelathini na kitu, na siku hiyo ndipo nilipogundua kwamba mama hakuwa na haraka ya kumaliza chochote.

Kesho yake, msikiti wa jirani ulipoadhini alfajiri, nikasikia kigoda kikivutwa. Ameshakaa, ananingoja. Unamwachaje mtu anayekungoja gizani na kitabu mapajani? Nikaamka. Na ya tatu vivyo hivyo.

Ndugu zangu, hilo ndilo jambo nililokuja kusema. Miaka mitatu nilikuwa na idadi ya sura, lakini sikuwa na saa, sikuwa na mahali, na hapakuwa na mtu. Sasa saa yangu ni adhana, mahali pangu ni jikoni, mtu wangu ni mama, na idadi ni ile itakayotosha mpaka mafuta yachemke. Pengine ni aya kumi tu. Tulianza Marko kwa sababu ni fupi, sura 16, tukaimaliza kwa mwezi na siku chache. Siku nikiumwa au nikilala kazini hatusomi, na kesho yake tunaanzia pale pale tulipoachia. Hatulipi.

Neema_ya_Kisauni

Nimesoma nikalia. Marehemu bibi yangu naye alikuwa na kigoda chake. Amina.

Soja_wa_Usiku

Kaka, nimekuelewa, lakini mimi ni soja, mlinzi wa usiku huko Nyali. Naingia saa kumi na mbili jioni, natoka saa kumi na mbili asubuhi. Hiyo alfajiri yako kwangu ndiyo saa ya usingizi mbaya kabisa, na lindoni haturuhusiwi kushika kitabu wala simu. Nikifika nyumbani nasoma mstari mmoja mara nne na hauingii. Mtu kama mimi ashike wapi?

Mvukaji_Likoni

Ndugu yangu, usihamie kwenye alfajiri yangu. Niambie tu, ukifika nyumbani, kabla hujalala, ni kitu gani hukosi kufanya?

Soja_wa_Usiku

Navua viatu, nakunywa uji. Mke wangu huniachia kwenye thamosi anapokwenda sokoni Kongowea.

Mvukaji_Likoni

Basi Biblia ikae chini ya hiyo thamosi, uwe huwezi kumimina uji bila kuishika. Na usianze na kitabu kirefu. Kuna zile Nyimbo za Kupanda Mlima, Zaburi ya 120 mpaka 134, ziko kumi na tano na nyingi ni fupi sana. Anza na ya 121, aya nane tu, inayosema mlinzi wa Israeli hasinzii wala halali. Kisha nenda ya 130, uniambie umeona nini kwenye aya ya 6. Moja kwa siku, kikombe kimoja cha uji.

MamaMapacha_Mikindani

Mimi nina watoto mapacha wa miezi saba. Kukaa na kitabu ni ndoto. Ninachofanya ni kuweka Biblia ya kusikiliza kwenye simu ninapofua nepi. Nilipakua Agano Jipya lote nikiwa na bando, sasa halinigharimu kitu. Lakini dada mmoja kanisani ameniambia kusikiliza si kusoma, na tangu aseme hivyo nahisi kama ninajidanganya. Mnaonaje?

Mvukaji_Likoni

Dada, usijitese. Soma Nehemia sura ya 8. Ezra alisimama juu ya mimbari ya mti akasoma tangu mapambazuko hata adhuhuri, na watu walikuwa wakisikiliza. Wengi wao hawakuwa na kitabu chao. Ufunuo 1:3 nayo inawataja wote wawili kwa heri, asomaye na wale wanaosikia. Mamangu mwenyewe miaka hii miwili amesikia tu, na amepata kuliko mimi niliyekuwa nasoma.

Jambo moja tu ningekuomba: rudia sura ile ile siku mbili tatu. Sikio linapitiwa upesi maji yakimwagika na mtoto akilia. Ukiisikia mara ya tatu utashangaa, lile ulilolikosa Jumatatu litakukuta Jumatano.

MzeewaKanisa_Changamwe

Kijana, nimefurahi kwa ajili ya mama yako, Mungu amponye. Lakini nina neno. Hizi aya kumi kumi zinatuletea Wakristo wanaojua Zaburi ya 23 na Yohana 3:16 basi. Mtu ameokoka miaka ishirini na hajawahi kufungua Obadia. Ratiba si adui. Robert Murray M'Cheyne, mhubiri wa Dundee kule Uskoti, aliwapangia washirika wake ratiba mwaka 1842: Biblia nzima mara moja kwa mwaka, Agano Jipya na Zaburi mara mbili. Sura nne hivi kwa siku. Mimi nimeifuata mara kadhaa na imenijenga. Mnataka kutuambia watu wale walikuwa na nguvu na sisi hatuna?

Mvukaji_Likoni

Shikamoo mzee wangu. Umesema kweli kuhusu Obadia, nami sipingi Biblia nzima; nataka tuifikie. Ila huyo huyo M'Cheyne, alipoitoa ratiba yake, aliandika kwanza hatari zake: kusoma kwa mazoea matupu, kujihesabia haki kwa sababu umetimiza fungu lako, kusoma ovyo ovyo, na kwa wengine kuwa nira nzito wasiyoweza kuibeba. Alizitaja kabla ya kutaja faida. Mimi niliingia zote nne.

Na kuhusu kukwepa vitabu vigumu, mzee, nataka nikusimulie habari ya Walawi, kwa sababu tumerudi huko.

Baada ya Marko na Ruthu, mama mwenyewe ndiye aliyesema, "Tusome kile kilichokushinda." Nikasita, lakini nikafungua. Sura ya 1 ni ng'ombe, kondoo, mbuzi, hua. Mama ametulia tu. Tukaingia sura ya 2, sadaka ya unga. Unga mwembamba, mafuta, ubani. Ukiokwa tanurini uwe hivi, ukipikwa kaangoni uwe hivi. Chachu hapana, asali hapana, chumvi isikose. Mama akaweka mwiko chini. Nilikuwa nimepita sura hii mara tatu katika maisha yangu na sikuwahi kuiona. Yeye alikuwa amesimama na unga mpaka kwenye viwiko, karai mbele yake, na anasomewa kwamba kuna sadaka inayopikwa kaangoni.

Akaniuliza kwa nini hamira ikatazwe. Nikamwambia sijui, turudie. Tukakaa kwenye sura hiyo siku nne. Tulipofika sura ya 5, aya ya 11, inasema mtu ambaye hata hua wawili au makinda mawili ya njiwa hawezi kuwapata, alete sehemu ya kumi ya efa ya unga, na hiyo itapokewa kwa dhambi yake. Mama akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Kumbe hata unga wa asiye na mbuzi unafika madhabahuni."

Mafuta yalikuwa yameshachemka. Tulichelewa kutoa mahamri siku hiyo na wateja walinung'unika.

Mzee, kitabu ni kile kile kilichonikwamisha miaka mitatu. Tumekisoma sura 27 kwa miezi miwili na nusu, na ukiniamsha usiku nitakueleza cha sura ya 16 na siku ya upatanisho. Nikienda kwa mwendo huu, Biblia nzima itanichukua miaka mingi. Nimekubali. Obadia nitamfikia.

MzeewaKanisa_Changamwe

Marahaba. Nimekusikia. Hiyo ya unga nitaihubiri, kwa ruhusa ya mama.

Jirani_Kibokoni

Assalamu alaikum, na habari zenu nyote. Mimi ni Muislamu, nimepita nikavutwa na habari ya adhana na mama. Niruhusuni niongeze jambo moja kutoka kwetu, kwani naona shida ni moja.

Kurani imegawanywa juzuu 30, na msahafu wenye kurasa 604 kila juzuu ni kama kurasa 20. Mtu akitaka kuhitimisha ndani ya Ramadhani, kusoma kurasa ishirini kwa mkupuo humchosha. Wazee hutufundisha tuzigawe: kurasa nne baada ya kila swala, na swala ni tano. Swala iko pale pale kila siku hata usipoipanga, kwa hiyo kisomo kinapanda juu ya kitu ambacho tayari kinatembea. Nyinyi hamna swala tano, lakini hapana mtu asiye na mambo matano anayofanya kila siku bila kukosa. Kila la heri, na mama Mungu amfungulie macho.

Mvukaji_Likoni

Waalaikum salaam, jirani. Ahsante mno. Adhana yenu imeniamsha miaka yote hii na sikuwahi kumshukuru mtu. "Kinapanda juu ya kitu ambacho tayari kinatembea", hilo nimeliandika kwenye karatasi nikalibandika dukani.

MwalimuMstaafu_Tudor

Vijana wangu wengi wa kipaimara huniambia wanaacha kwa sababu Kiswahili cha Biblia ni kigumu, kana kwamba kimetoka mbali. Huwaambia kimepikwa hapa hapa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwezi Julai mwaka huo huo akamzika mkewe Rosine pamoja na mtoto mchanga, bara ya ng'ambo ya pili ya kisiwa. Mwaka huo huo ndipo alipoanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Biblia nzima ya Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, ilitoka 1914. Unguja walikuwa na yao. Union Version ya 1952, hiyo yenye doa la mafuta kwa mama Likoni, ilitengenezwa ili watu wa pande hizo wasome kitabu kimoja.

Kwa kijana anayeanza, ushauri wangu ni huu: awe nazo mbili, Union na Habari Njema, tafsiri ya Kiswahili chepesi. Asome Habari Njema kwanza apate habari, kisha Union apate ladha. Akikutana na neno asilolijua alipigie mstari kwa penseli, amuulize mtu mzima Jumapili. Nina mwanafunzi aliyepiga mistari 41 katika Mathayo peke yake, na leo hutumwa kusoma somo ibadani.

Mkatoliki_Makupa

Nyongeza fupi. Sisi tuna masomo ya kila siku ya Misa. Somo la kwanza la siku za wiki huzunguka miaka miwili, ya Jumapili miaka mitatu. Uzuri wake ni kwamba siku hiyo unayosoma Makupa, mwenzako Malindi au Nairobi anasoma hayo hayo, mnaweza kuulizana kwa simu jioni. Na kwa hesabu yako ya vitabu, kaka, yetu ni 73.

Muuguzi_Bamburi

Kuhusu kutolipa deni: chuoni tulisoma utafiti wa University College London uliochapishwa 2010, ulioongozwa na Phillippa Lally. Walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akichagua jambo dogo la kufanya kila siku kwenye wakati ule ule, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani mazoea yalikaa baada ya siku 66, lakini makadirio yao yalitofautiana sana, kuanzia siku 18 mpaka 254. Na kuruka siku moja hakukuwaharibia. Nilipousoma nilikuwa naandaa mtihani tu. Sasa naona ni mambo yale yale ya mama na mafuta. Anayejiona amechelewa kuliko wenzake asikate tamaa, pengine yeye ni wa 254.

Soja_wa_Usiku

Kaka Mvukaji, nimerudi. Leo nimefika ya 130. Aya ya 6: nafsi inamngoja Bwana kuliko walinzi waingojavyo asubuhi. Imerudiwa mara mbili. Sikujua kwamba sisi tumeandikwa humo. Mimi naijua hiyo asubuhi inavyongojwa, kuanzia saa tisa unaangalia upande wa baharini tu. Nimekaa na kikombe mpaka uji ukapoa.

Mvukaji_Likoni

Soja, mama nimemsomea ujumbe wako. Amesema nikuambie kesho usome tena hiyo hiyo.

Na ndugu zangu mlioniuliza kwa siri kuhusu macho yake: zamu ilifika wiki tatu zilizopita, wamemtoa mtoto wa jicho upande wa kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji alisoma kibao cha dawa ukutani neno kwa neno, daktari akacheka. Tumerudi nyumbani, na nikiri kwamba usiku huo sikulala vizuri. Niliona kazi yangu imeisha, herufi zake zimerudi, na nikajiuliza kama bila yeye kuningoja nitaamka.

Alipopata nafuu ya kurudi jikoni, alfajiri ya kwanza adhana ilipolia nikasikia kigoda. Nikatoka. Amekaa karibu na taa, Biblia wazi kwenye Hesabu sura ya 11, kidole chake kiko juu ya mstari anausoma mwenyewe, midomo ikicheza kama zamani. Nikasimama mlangoni nisimkatize. Aliponiona akanisogezea kitabu.

"Shika," akasema. "Soma wewe, mimi niangalie mafuta."